Gurudumu la Motokaa ya Mashindano

Msomaji kijana, bila shaka umepata kusimama kando ya barabara pamoja na wenzako, mkitazama motokaa zikipita. Mara ikapita moja yenye rimu kubwa zinazometameta kama fedha, zimevikwa matairi membamba kama mkanda wa suruali. Papo hapo mmoja wenu akapaza sauti akasema, "Hiyo ndiyo yenye mbio!" Wengine wakaafiki, na shauri likaisha. Hukumu ya namna hiyo hutolewa kila siku pasipo ushahidi. Macho ndiyo shahidi, na macho ndiyo hakimu.

Katika insha hii nakualika tuifungue kesi hiyo upya, na shahidi wetu awe historia. Kwa zaidi ya miaka 100 watu wameshindana kwa motokaa, na katika muda huo wote swali la ukubwa wa gurudumu limewasumbua mafundi hodari. Wako waliopata ushindi kwa kulijibu vizuri. Yuko pia mmoja aliyelijibu kwa werevu wa ajabu, akasifiwa dunia nzima, kisha akashindwa kwa jambo ambalo halikuwa mkononi mwake. Habari zake ndizo kiini cha insha hii. Lakini ili tumwelewe vema, hatuna budi kuanza mwanzo.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Gurudumu la motokaa lina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni rimu, yaani ile sehemu ya chuma au ya aluminiamu iliyofungwa kwa nati. Ya pili ni tairi, yaani mpira unaoizunguka rimu na kushika hewa ndani yake. Mtu asemapo gurudumu la inchi 13 au la inchi 18, anataja kipenyo cha rimu mahali pale tairi linapokaa. Hataji kimo cha gurudumu zima kutoka ardhini hadi juu. Rimu ndogo yaweza kuvikwa tairi nene, na rimu kubwa yaweza kuvikwa tairi jembamba, hata magurudumu hayo mawili yakawa na kimo kimoja. Likumbuke neno hili, maana wengi hupotea hapo tangu hatua ya kwanza.

Neno la pili la kukumbuka ni hili. Motokaa yoyote, hata ikiwa na injini yenye nguvu namna gani, huigusa ardhi kwa vipande vinne tu vya mpira. Kwa motokaa ya kawaida, kila kipande kinakaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Nguvu ya injini hupita hapo, nguvu ya breki hupita hapo, na dereva akatapo kona kwa kasi, ni vipande hivyo vinavyoizuia motokaa isitoke njiani. Basi kazi yote ya rimu, springi na usukani ni kuvitumikia vile vipande vinne. Gurudumu zuri ni lile linalokiwezesha kipande chake kushika ardhi bila kuiacha.

Sasa na tuirudie historia. Mskoti mmoja, jina lake Robert William Thomson, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa tairi la hewa mwaka 1845, lakini jambo lake likasahauliwa. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alilivumbua upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Waendesha baiskeli walilipenda mara moja. Watengenezaji wa motokaa walisitasita. Walidhani hewa haiwezi kubeba mzigo wa chuma kizito kama motokaa.

Ndugu wawili Wafaransa, André Michelin na Édouard Michelin, ndio waliothubutu. Mwaka 1895 kulifanyika mashindano ya motokaa kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi Paris, safari ya kilomita zipatazo 1,180. Ndugu hao walipeleka motokaa yenye matairi ya hewa, nayo ikapata pancha nyingi mno njiani. Mtu wa kwanza kufika Paris alikuwa Émile Levassor, aliyesafiri kwa magurudumu ya mpira mgumu usio na hewa, akatumia muda wa saa 48 na dakika 48. Ndugu Michelin walifika baada ya muda uliowekwa wa saa 100 kwisha. Aliyewatazama kwa macho tu aliwaona wameaibika. Lakini walikuwa wamethibitisha kwamba motokaa yaweza kubebwa na hewa, na baada ya miaka michache mpira mgumu ukatoweka katika mashindano.

Miaka 11 baadaye, yaani mwaka 1906, Wafaransa waliandaa mashindano makubwa karibu na mji wa Le Mans. Njia yao ilikuwa mzunguko wa kilomita zipatazo 103, nao ulizungukwa mara 12 kwa siku mbili. Jua lilikuwa kali, lami ikayeyuka, na mawe yakayakata matairi. Kanuni iliwaruhusu dereva na fundi wake peke yao kulishughulikia gurudumu lililoharibika. Kwa desturi ya siku zile, walilikata tairi bovu kwa kisu, kisha wakalivuta tairi jipya juu ya rimu kwa mikono na vyuma, kazi ya dakika zipatazo 15 kila mara. Lakini motokaa ya Renault, iliyoendeshwa na Ferenc Szisz, mzaliwa wa Hungaria, ilikuwa na rimu za nyuma zinazofunguliwa kwa nati, na tairi jipya lenye hewa lilikuwa limekwisha kutiwa juu ya rimu ya akiba. Kazi ya dakika 15 ikawa ya dakika zisizozidi 4. Szisz alishinda, na aliyemfuata alikuwa nyuma kwa zaidi ya nusu saa.

Utauliza: kwa nini Renault hawakutia rimu za namna hiyo mbele pia? Jibu ni uzito. Kanuni ilikataza motokaa kuzidi kilo 1,000, na rimu za kufungua zilikuwa nzito. Basi wakapima faida na hasara, wakaziweka nyuma tu, mahali ambapo matairi yalichakaa upesi zaidi. Tazama, msomaji, jinsi wenye busara wanavyochagua. Hawakuuliza, "Lipi ni zuri?" Waliuliza, "Lipi ni zuri kwa kazi hii, mahali hapa, kwa gharama gani?"

Katika miaka ile magurudumu yalikuwa makubwa na membamba, marefu kama ya mkokoteni wa farasi. Barabara zilikuwa na mashimo, na gurudumu refu hulivuka shimo kwa urahisi kuliko gurudumu fupi. Kadiri njia za mashindano zilivyotengenezwa zikawa laini, sababu ya gurudumu refu ilipungua. Mashindano ya ubingwa wa dunia yalipoanza mwaka 1950, motokaa nyingi kubwa zilikuwa na injini mbele na rimu za inchi 16 au zaidi. Ndipo Waingereza wa kampuni ndogo ya Cooper walipokuja na motokaa fupi, nyepesi, yenye injini nyuma ya dereva na rimu ndogo zaidi. Wakubwa waliicheka.

Kicheko kilikoma tarehe 19 Januari, 1958, mjini Buenos Aires. Stirling Moss aliingia na Cooper yenye injini isiyofika lita 2, na wapinzani wake walikuwa na injini kubwa zaidi. Tena, magurudumu ya Cooper yalifungwa kwa nati nne kila moja, na kuyabadilisha kungechukua muda mrefu, hali magurudumu ya wengine yalishikwa na nati moja ya katikati iliyofunguka kwa pigo la nyundo. Wapinzani walihesabu kwamba Moss atasimama kubadilisha matairi na hapo atakuwa amekwisha. Watu wake wakayatoa matairi mapya, wakayapanga, wakafanya kama wanamngoja. Moss hakusimama. Motokaa yake nyepesi iliyatumia matairi yake taratibu, akaenda nayo hadi mwisho, nyuzi za ndani zikiwa zimeanza kuonekana, akashinda kwa sekunde 2.7. Mwaka 1959 na mwaka 1960, Jack Brabham wa Australia akawa bingwa wa dunia kwa motokaa za Cooper. Wahenga walinena: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waliotaka ushindi walilazimika kuziinamisha motokaa zao, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 rimu za inchi 13 zilikuwa zimeenea katika mashindano makubwa, zimevikwa matairi mapana kuliko ya zamani.

Nje ya mashindano hayo, udogo ulikwisha kufika mbali zaidi. Mwaka 1959 Alec Issigonis alitoa motokaa ya Mini, yenye urefu wa mita 3 na kidogo. Ili abiria wanne wapate nafasi katika kisanduku hicho, aliiomba kampuni ya Dunlop imtengenezee matairi ya rimu za inchi 10 tu. Motokaa hiyo ndogo ilishinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, mwaka 1965, na tena mwaka 1967. Lakini udogo haukutolewa bure. Breki hukaa ndani ya rimu, na rimu ya inchi 10 haiwezi kufunika breki kubwa. Mwaka 1984 watengenezaji wa Mini waliongeza rimu hadi inchi 12, na breki za mbele zikapata nafasi ya kuwa kubwa zaidi.

Hapa ndipo tunapomfikia fundi niliyekuahidi. Jina lake Derek Gardner, na alikuwa mchoraji wa motokaa za Ken Tyrrell, Mwingereza aliyekuwa mfanyabiashara wa mbao kabla ya kuwa mkuu wa timu ya mashindano. Motokaa za Tyrrell zilimpa Jackie Stewart ubingwa wa dunia mwaka 1971 na mwaka 1973. Baada ya hapo timu ilijikuta katika shida. Karibu timu zote za Uingereza zilitumia injini ya namna moja, iliyotengenezwa na Cosworth, na matairi ya kampuni moja, Goodyear. Basi mtu atamshinda vipi jirani yake, ikiwa injini yao ni moja na matairi yao ni mamoja?

Gardner aliyatazama magurudumu ya mbele. Aliona yamejitokeza kushoto na kulia, yakipigwa na upepo mbele ya kila kitu. Akawaza: je, ikiwa magurudumu hayo yatakuwa mafupi mno hata yakajificha nyuma ya pua ya motokaa? Kanuni iliruhusu pua yenye upana wa sentimita 150. Lakini magurudumu mawili mafupi yasingeweza kushika ardhi ya kutosha. Basi akaweka manne mbele, mawili kila upande, yenye rimu za inchi 10, na nyuma akabakiza mawili makubwa ya kawaida. Motokaa ikawa na magurudumu sita. Mwezi Septemba, 1975, ilipofunuliwa mbele ya waandishi wa habari, baadhi yao walidhani ni mzaha.

Haikuwa mzaha. Vipande vinne vya mpira mbele badala ya viwili vilimaanisha breki nne mbele badala ya mbili, na mpira mwingi zaidi wa kuivuta pua ya motokaa kuingia konani. Madereva hawakuweza kuyaona magurudumu hayo mafupi kutoka kitini, hata mafundi wakatoboa vidirisha ubavuni ili wayaone. Tarehe 13 Juni, 1976, katika uwanja wa Anderstorp nchini Uswidi, Jody Scheckter wa Afrika Kusini alianza wa kwanza katika mstari na akamaliza wa kwanza, na mwenzake Patrick Depailler wa Ufaransa akamaliza wa pili, wote wawili katika motokaa za magurudumu sita. Jambo hilo halikuwahi kutokea, wala halijatokea tena katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwisho wa mwaka Scheckter alikuwa wa tatu katika ubingwa, na Depailler wa nne.

Ungedhani, msomaji, kwamba mwaka uliofuata kila timu ingekuwa na magurudumu sita. Mambo yakaenda kinyume. Scheckter, ambaye hakuipenda motokaa ile, alihamia timu nyingine. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1979, akawa bingwa wa dunia akiwa na Ferrari. Mwaka 1977 motokaa ya Tyrrell haikushinda hata mara moja. Kwa nini?

Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Magurudumu makubwa ya nyuma yaliendelea kupigwa na upepo kama kawaida, kwa hiyo faida ya kuyaficha ya mbele ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Vyuma vya mbele viliongezeka, na uzito ukaongezeka pamoja navyo. Breki ndogo zilizojificha ndani ya rimu za inchi 10 zilikuwa na shida ya kupoa. Lakini sababu kubwa ilikuwa tairi lenyewe. Katika timu zote zilizoshindania ubingwa, Tyrrell peke yake ndiyo iliyotumia tairi la inchi 10. Goodyear ilikuwa na wateja wengi waliotumia rimu za inchi 13, na mwaka 1977 mshindani mpya, Michelin, akaingia uwanjani. Ikawa mpira wa inchi 13 unaboreshwa kila mara, na ule wa inchi 10, wenye mteja mmoja, unabaki nyuma. Matairi ya nyuma ya Tyrrell yakaendelea, na ya mbele yakadumaa, hata motokaa ikakosa uwiano. Mafundi wakajaribu kuyasogeza magurudumu ya mbele nje ili yashike ardhi vema. Yakatokeza nje ya pua, na ile sababu ya kwanza ya kuyafanya mafupi ikapotea kabisa.

Gardner alikuwa amehesabu upepo, kona na breki, na hesabu zake zilikuwa na ukweli mwingi. Jambo moja halikuwa katika karatasi yake: kwamba achaguaye ukubwa wa rimu amemchagua pia mtu wa kumtengenezea tairi, na mtu huyo ana mahesabu yake mwenyewe. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Mwaka 1978 Tyrrell walirudi kwenye magurudumu manne, na Depailler akashinda nayo Monaco mwaka huo huo. Mwaka 1983 kanuni za mashindano zikakataza motokaa kuwa na magurudumu zaidi ya manne, na mlango ukafungwa.

Rimu za inchi 13 ziliendelea kutumika katika mashindano hayo hadi mwaka 2021. Si kwamba mafundi wote waliziona kuwa bora. Kanuni ndiyo iliyoziweka. Ubavu mnene wa tairi lile ulikuwa kama springi ya ziada, ukibonyea na kurudi, na mafundi walitengeneza motokaa zao kwa kuutegemea. Mwaka 2022 kanuni ilibadilishwa, rimu za inchi 18 zikaingia, na matairi ya Pirelli yenye kimo cha milimita 720. Ubavu wa tairi ukawa mfupi na mgumu, haubonyei ovyo tena, na breki kubwa zaidi zikapata nafasi. Lakini magurudumu yakawa mazito. Waweza kuona, basi, kwamba hata mabingwa wa dunia hawakupanda kutoka udogo kwenda ukubwa kwa sababu ukubwa ni bora siku zote. Walipata kitu, wakalipa kitu.

Labda utasema: mambo haya ni ya Ulaya, yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Tangu mwaka 1953 nchi yetu imekuwa nyumbani kwa mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baada ya kutokuwamo tangu mwaka 2003, yalirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, katika vumbi na mawe ya Naivasha. Motokaa ile ile ishindanayo kwa rimu za inchi 18 katika barabara za lami za Ulaya huvuliwa rimu hizo ikija kwenye njia za mawe, ikavikwa za inchi 15 zenye matairi ya ubavu mnene. Ubavu huo hulipokea pigo la jiwe kabla halijaifikia rimu. Ukipeleka ubavu mwembamba katika mawe hayo, rimu itavunjika. Kila chombo kwa wimbile.

Sasa tuseme umekua, umejifunza ufundi, na mwenye motokaa anakujia akitaka umchagulie magurudumu ya uwanja wa lami. Utaanzia wapi? Usianze na uzuri wa rimu. Anza na breki. Pima sahani ya breki na vyuma vinavyoibana, uone rimu ndogo kuliko zote inayoweza kuvifunika bila kugusana. Hiyo ndiyo sakafu yako. Chini yake huwezi kwenda.

Pili, uliza matairi. Katika ukubwa huo, je, matairi mazuri ya mashindano yanatengenezwa? Yanapatikana katika nchi yako? Kwa bei ambayo mwenye motokaa ataweza kulipa mara nyingi, maana uwanjani matairi huliwa upesi? Rimu bora isiyo na tairi bora ni kama bunduki isiyo na risasi. Hapo ndipo Tyrrell walipojikwaa.

Tatu, pima uzito. Gurudumu halibebwi na springi. Lenyewe hurushwa na kila tuta, na likiwa zito huchelewa kurudi chini kuishika ardhi. Tena huzunguka, na kitu kizito kinachozunguka ni kigumu kukianzisha na kigumu kukisimamisha. Mara nyingi rimu ndogo ni nyepesi kuliko rimu kubwa ya namna hiyo hiyo.

Nne, fanya hesabu ya kimo. Juu ya ubavu wa tairi huandikwa tarakimu, mathalani 205/55 R16. Maana yake, upana ni milimita 205, ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 16. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ina milimita 406.4. Ubavu mmoja ni milimita 112.75, na kwa kuwa ubavu uko juu na chini, twazidisha mara mbili. Jumla ni milimita 632. Sasa tazama tairi la 225/40 R18. Rimu ni milimita 457.2, ubavu mmoja ni milimita 90, na jumla ni milimita 637. Rimu imekuwa kubwa kwa inchi 2 nzima, lakini kimo cha gurudumu kimeongezeka kwa milimita 5 tu!

Linganisha na tairi la 195/50 R15, ambalo kimo chake ni milimita 576. Kwa hesabu ya kawaida, gurudumu la milimita 632 huzunguka mara 504 katika kilomita moja, na hili la milimita 576 huzunguka mara 553. Gurudumu fupi huifanya motokaa iruke upesi kutoka konani, kana kwamba umeshusha gia kidogo. Lakini katika njia ndefu iliyonyooka injini hufika ukomo wa mizunguko yake mapema, na mwenye gurudumu refu atakupita. Kwa hiyo uujue uwanja kabla hujachagua. Wenye kona nyingi una jibu lake, na wenye njia ndefu una jibu lake.

Mwisho, jaribu uwanjani ukiwa na saa mkononi, maana saa haipendi wala haichukii. Ikiwa rimu ndogo isiyopendeza inaleta muda mfupi zaidi, hiyo ndiyo nzuri. Ikiwa rimu kubwa inaleta muda mfupi zaidi kwa sababu imefunika breki kubwa na imepata tairi bora, hiyo ndiyo nzuri.

Basi, msomaji kijana, turudi pale kando ya barabara tulipoanzia. Motokaa yenye rimu kubwa imepita, na wenzako wamekwisha kutoa hukumu. Usiwabeze, maana hata wakubwa waliicheka Cooper, na waandishi walidhani magurudumu sita ni mzaha. Waulize tu kwa upole: breki zake zina ukubwa gani? Tairi lake ni la namna gani, na linapatikana wapi? Uzito wake je? Inakwenda katika njia gani? Wakikosa majibu, watajua wenyewe kwamba kesi haijaisha. Na siku utakapochagua jambo kubwa kuliko gurudumu, kazi au rafiki au njia ya maisha, kumbuka vile vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa sawa na kiganja chako. Uliza kwanza ni wapi jambo lako linagusa ardhi, na ni nani atakayelitunza hapo.